Ufa Chini ya Kamba

Kisiju, Jumatatu alasiri, siku tatu kabla ya Idd Kubwa, 1953

Jua kali, upepo wa kusi haujatulia tangu asubuhi. Vidole vimechubuka kwa kamba. Mwandiko huu ni mbaya kuliko wa watoto ninaowafundisha kule Kisarawe.

Baba ameteguka bega, na siku ya Idd ngalawa yake ina mashindano. Sheria ni mtu mmoja chomboni. Sina kaka. Niliposema nitaiendesha mimi, baba alisema, "Haya, mwanangu. Lakini uifunge mwenyewe."

Vielea viwili vya ubavuni hushikwa na miti iliyofungwa kwa kamba kavu. Kamba ikirushiwa maji inajikaza. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini kamba za makumbi ya nazi zilinichoma vidole, nikazilowesha ndooni zilainike. Nikafunga, nikaiacha ngalawa juani mpaka adhuhuri. Zikakauka, zikalegea.

Nikaiingiza majini kuijaribu. Sikukagua.

Nilikuwa mbali na pwani nilipogeuza tanga, na mti wa kulia ukalia kama mlango. Kielea kilikuwa kinacheza. Mkono mmoja ulishika kamba ya tanga, mwingine usukani, na wa tatu sina. Maji yaliingia hadi magotini. Niliachia tanga lipigepige, nikaukalia ule mti kuubana kwa uzito wangu, upepo ukanisukuma hadi kwenye mikoko. Njia nzima nilikuwa namwita mama, naye yuko kaburini.

Nyumbani niliwakuta baba na shangazi barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imekwendaje?"

"Vizuri."

"Ulifunga kavu?"

"Kavu."

Shangazi akanitazama nguo zilizolowa. "Mwalimu, ulikwenda kushindana au kufua?"

Baba alicheka mpaka akashika bega. Nami nikacheka.

Kamba nitazifunga upya. Lakini nilipozifungua niliona ufa kwenye ule mti wa kulia, mwembamba, ukucha wangu unaingia. Mti mwingine kama ule hautapatikana kabla ya Idd. Nikimwambia baba, ngalawa itabaki mchangani, na keshawatangazia watu wote kwamba bintiye atashindana. Nisipomwambia, Alhamisi nitakuwa peke yangu juu ya ufa ule.

Naogopa nini zaidi, bahari au uso wa baba?

Namsikia barazani, bado anacheka peke yake. Nikimaliza mstari huu nitakwenda kumwambia.

Wino umeshakauka. Bado nimekaa.