Mguu Uliovunjwa na Farasi

Debre Tabor,
Tarehe 14 Hidar 2011

Mpendwa binti wa dada yangu, Yeshimebet,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya nyumba yako yote. Habari za Dire Dawa na joto lake? Mumeo Endeshaw hajambo? Na kifua cha mama yake kimetulia, au bado anakohoa na kuisingizia feni? Huku mvua zimekoma, teff inavunwa, na kila mtu mwenye mikono yuko shambani.

Mimi bado nipo, namshukuru Mungu. Miguu inavimba, na pumzi hukatika nikipanda vidato vya baraza. Daktari wetu hapa aliniambia kwa adabu sana kwamba moyo wangu umechoka. Nikamjibu kwamba moyo uliofundisha hesabu tangu enzi ya mfalme una haki ya kuchoka. Usilie. Sina hofu. Nimeungama kwa padri, vitabu nimevigawa, kuta nimezipaka chokaa. Umebaki wewe tu.

Kuna mambo mawili niliyokuficha tangu ulipozaliwa. La kwanza nalisema sasa hivi: mguu wangu haukuvunjwa na farasi. La pili nitaliweka mwisho, maana hilo ndilo linaloniaibisha, na nataka ulisome ukiwa umeshalikubali la kwanza.

Naandika kwa ajili ya binti yako Mahlet. Uliponipigia simu wiki iliyopita ulisema, kwa jina lako lilelile la heshima, "Gashe, huyu mtoto asubuhi anaruka kama mwanambuzi, jioni nambeba mgongoni. Mwalimu wake anasema anadeka. Mama mkwe anasema ni jicho baya." Kisha ukaniambia kwamba daktari wa huko amesema ni mtindio wa ubongo, mtoto alikosa hewa siku ya kuzaliwa, na kwamba baada ya sikukuu ya Genna mtampeleka akakatwe kano za visigino ili miguu ilegee. Ukacheka na kusema, "Ningesema karithi kwako, ila nani hurithi kuanguka?"

Nilicheka nawe. Simu ilipokatika sikucheka tena. Ningeweza kukueleza palepale, lakini simu yako inasikika mpaka jikoni, na jikoni yupo mama mkwe wako. Tena kinywa changu kimezoea uongo huu. Kalamu haijauzoea.

Yeshimebet, ukimtazama Mahlet unanitazama mimi nikiwa na umri wake. Asubuhi niliwatangulia ndugu zangu kwenda shule ya kanisa. Ikifika alasiri kidole gumba cha mguu kinajikunja chini, kisigino hakigusi ardhi, magoti yanagongana. Jioni nilikuwa nakokotwa. Nikilala kidogo mchana naamka mzima, na hilo ndilo lililowathibitishia wote kwamba natega kazi. Nilichapwa kwa ajili hiyo. Nikamwagiwa maji ya baraka ya baridi mpaka midomo ikawa ya bluu. Shangazi wa baba yangu, Etagegn, alikuwa vivyo hivyo: asubuhi alichota maji mtoni mwenyewe, jioni alibebwa kutoka shambani. Yeye walisema ana pepo anayependa machweo.

Unazijua desturi zetu. Posa haijibiwi mpaka wazee wahesabu vizazi saba, na hawahesabu majina tu. Huuliza nani alikuwa na ukoma, nani aliangushwa na kifafa, nani alizaliwa na viungo vibovu. Ukoo wenye doa haupati mkwe.

Wazee wa posa walipokuja kumposea baba yako dada yangu Tiruwerk, walifika asubuhi. Mimi, kaka mkubwa, niliwapokea njiani na kuwaongoza mpaka nyumbani, nikitembea kama mtu yeyote. Mazungumzo yakarefuka, kama unavyowajua. Kondoo akachinjwa, pombe ya talla ikazunguka, wakabishana juu ya ng'ombe mmoja tangu jua la utosini mpaka likaanza kuzama. Hapo nikaambiwa nilete maji ya kunawa. Nilisimama na birika. Sikufika mbali, miguu ikapishana kama mkasi, na maji yote yakamwagikia mapajani mwa Grazmach Derso, msemaji wao.

"We kijana! Talla umekunywa wewe au tumekunywa sisi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu yangu.

"Asubuhi huyu alitutangulia kama swala. Sasa anatembea kama mwanakondoo aliyezaliwa leo. Mama, huu ni ugonjwa wa upande gani? Wako au wa marehemu mumeo?"

Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia bangili zake zikinyamaza.

Mama alikuwa anapuliza makaa ya kahawa. Hakuinua hata uso. "Ugonjwa? Labda ugonjwa wa kiherehere! Alipanda farasi wa mjomba wake kwenye sikukuu ya Timket, akataka kushindana na wanaume. Mguu ukaunga vibaya. Asubuhi unamstahi, jioni unamkumbusha."

"Farasi gani huyo?"

"Yule mwekundu."

"Yuko wapi nimwone?"

"Kafa. Kafa kwa aibu ya kumwangusha mtoto wa watu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Grazmach akacheka kuwazidi wote. "Basi, basi," akasema akijipangusa mapaja. "Heri aliyeanguka na farasi kuliko aliyezeeka na punda." Kikombe cha tatu cha kahawa hakijanywewa, baba yako akapewa mke.

Hivyo ndivyo yule farasi alivyozaliwa, kinywani mwa bibi yako, kwa pumzi moja. Ameishi zaidi kuliko farasi wote wa Debre Tabor. Mama yako alijua, akaenda naye kaburini. Simlaumu hata mmoja wao, na wewe usiwalaumu, maana bila farasi huyo usingezaliwa.

Nilikuwa mwalimu mtu mzima, wakati wa utawala wa Derg, Daktari Hirut alipokuja wilayani kwetu kufanya utafiti juu ya miguu ya guaya. Unajua guaya, ile mbegu ngumu ya mwaka wa njaa, ambayo ukiila miezi mfululizo miguu hukakamaa na hairudi tena. Aliwapima watu katika madarasa yangu, nami nikamsaidia kuandika majina. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Jioni moja aliniona nikivuka uwanja wa shule.

"Gashe, na wewe ulikula guaya?"

"Mimi ni wa farasi," nikamjibu.

"Nimeuliza guaya."

"Sikula."

"Asubuhi nilikuona ukipandisha bendera. Ulitembea vizuri kunishinda mimi. Sasa hawa wagonjwa wangu hawana asubuhi. Miguu yao ni ileile toka jogoo mpaka taa. Wewe una asubuhi." Akafunga mkoba wake. "Hebu niambie, huyo farasi wako usiku huwa analala wapi?"

Yeshimebet, nilikuwa nimechapwa, nimeombewa, nimesifiwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza miguu yangu inakuwaje asubuhi. Nilikaa kwenye ngazi ya darasa nikamweleza yote, pamoja na habari za Etagegn. Kesho yake alinipima nilipoamka, akanigonga magoti, akanitembeza. Jioni akanitembeza tena mahali palepale. Akasema, "Wewe si wa utafiti wangu. Wewe una habari yako mwenyewe." Shule zilipofungwa akaniita Addis.

Huko alinipa nusu ya kidonge cha levodopa, dawa wanayopewa wazee wanaotetemeka mikono. "Wazee hao hunywa nyingi," alisema. "Yako ni dozi ya shomoro." Alinieleza kwa maneno ambayo nimeyatunza: "Ubongo wako haujaharibika. Umeishiwa tu, kama taa iliyopungukiwa mafuta. Ukilala unajazwa kidogo, ukitembea unayamaliza." Akaniambia kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu, kwamba huwashika zaidi wasichana, na kwamba waweza kupita kimya kwa mama na kwa bibi, wasiugue hata siku moja, ukamtokea mjukuu.

Mama yako alitembea vizuri mpaka mwisho. Wewe unatembea vizuri. Mahlet hatembei jioni. Umeelewa.

Basi fanya hivi. Usimkatishe mtoto kano kabla hajajaribiwa kidonge. Usinunue dawa dukani ukampa mwenyewe, wala usikubali ya jirani. Mpeleke Addis kwa Daktari Fikadu, bingwa wa mishipa ya fahamu, aliyekuwa mwanafunzi wa Hirut. Nimezungumza naye kwa simu, anawangoja wiki ijayo. Jina lako analo. Mpe barua hii aisome, kwa sababu jambo la kwanza atakalouliza ni nani mwingine katika ukoo, na mpaka leo wewe ungejibu kwamba hakuna. Yule daktari wa kwanza usimwonee hasira. Alipewa ukoo usio na mgonjwa, akafikiri kwa kadiri ya alichoambiwa.

Kama dawa haitamfaa, kisu bado kitakuwepo. Kisu chaweza kungoja. Kano ikishakatwa haiungi tena ilivyokuwa. Lakini mimi nina hakika, mwanangu, kama nilivyokuwa na hakika ubaoni kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa zitakuja zilezile.

Endeshaw mweleze mwenyewe, mkiwa wawili. Ni mtu mwenye akili. Mama yake akisema ukoo wetu una doa, mjibu kwamba ni kweli, na doa lenyewe linaondoka kwa nusu kidonge. Doa la ulimi ndilo lisilo na dawa. Hapana, usimwambie hivyo. Cheka moyoni tu.

Nisalimie Endeshaw, na kijana wako Nahom, mwambie ile ramani ya mito niliyomwahidi iko njiani. Dada zako watatu wasomee barua hii neno kwa neno, kwa maana nao wana mabinti. Mwalimu wa Mahlet nisalimie pia, na umwambie kwamba mwalimu mwenzake wa Debre Tabor anamwomba amwache mtoto alale kidogo saa ya chakula. Mungu aliyemwinua mwenye kupooza aiangalie miguu ya mjukuu wangu, akupe kuiona ikikimbia jioni, na akupe uzee wenye mkate na watu wa kuumega nao.

Sasa lile la pili. Swali lako nalijua, kwa kuwa wewe ni mtoto wa Tiruwerk: "Gashe, kama kidonge hicho ni kizuri hivyo, mbona wewe umechechemea maisha yako yote?"

Mfupa uliounga vibaya, Yeshimebet, hauponi kwa kidonge kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ningeshuka kwenye basi la kutoka Addis nikitembea kama askari, mji mzima ungeuliza huyo farasi kaenda wapi. Na dada yangu alikuwa na mabinti wanne wasioposwa. Kwa hiyo nilishuka basi nikiuvuta mguu. Nikajiambia nitauvuta mpaka mdogo wenu aolewe. Mimi mwenyewe sikuoa, nikasingizia mguu huohuo. Kila mwezi nilikwenda Bahir Dar kununua vidonge, na mji ukakata shauri kwamba nina mwanamke huko. Sikukanusha. Jioni nilifunga mlango na dirisha, nikatembea chumbani mwangu, kutoka kitandani mpaka mezani na kurudi, kwa raha tu ya kutembea.

Mdogo wenu alipoolewa, vijana walikuwa wameshazoea kunikalisha mbele kila Timket niwasimulie habari za yule farasi mwekundu. Nami nilikuwa nimeshampenda. Kama ningetembea wazi mbele ya watu, Mahlet angetambulika jioni ya kwanza, na hakuna ambaye angemwita mvivu. Hilo ndilo ninalokwenda nalo kaburini.

Leo fimbo naihitaji kweli, kwa ajili ya moyo, na ningekiri hata sokoni nisingeaminiwa. Lakini wewe utaniamini, kwa sababu utakumbuka harusi yako. Mlicheza ngoma ya mabega mpaka vumbi likafunika hema. Ukaja ukanivuta mkono niinuke, kisha ukakumbuka mguu wangu, ukaona haya mbele ya wageni. Uliinama ukanibusu magoti, ukasema, "Nisamehe, Gashe." Fimbo ya mzeituni uliyoniletea ilikuwa imelala mapajani mwangu, nami nikakuwekea mkono kichwani kama mzee anayesamehe.

Asubuhi ile nilikuwa nimemeza kidonge changu. Magoti uliyoyabusu yalikuwa mazima. Ningeweza kucheza nawe mpaka jua lizame.

Wako akupendaye, leo bila kificho,
Mjomba wako Admasu Bitew