Rafiki Niliyemzika Kitabuni

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Doha, kwenye joto la kupasua mawe. Mimi ni mzima, na bibi ninayemtunza siku hizi ananiita binti yake. Nyinyi je? Goti lako limepata nafuu? Viazi mmeng'oa, ama mvua ya Ainabkoi imekataa kuwapisha?

Mama, nimeandika karatasi kwa sababu simu yako unaiweka spika na nyumba nzima inasikiliza. Haya ni yako peke yako. Barua nampa dada mmoja anayepanda ndege kesho, nayo itakufikia kabla ya Alhamisi. Kaa chini uisome polepole.

Unajua naandika riwaya ya wasichana wawili wanaokua pamoja mpaka uzeeni. Yule wa pili ni Jerotich, hata sikujisumbua kumficha. Ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, tulipochapwa pamoja kwa kucheka wakati wa maombi. Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, naandika kwenye daftari, napiga picha kurasa na kumtumia huko Kesses. Anazichapa kwa kompyuta dukani kwake katikati ya kazi za wanafunzi, na kunirekebishia Kiswahili bila kuombwa. Mjuaji huyo.

Sasa sikia ujinga wangu. Riwaya zote za marafiki wa utotoni nilizosoma, mmoja hufa ili mwenzake apate kulia vizuri. Nami nikafuata. Wangu nikampa uvimbe kwenye titi, wa kwanza kuambiwa nikawa mimi, na sura ya mwisho nikamzika. Nililia nikiandika, nikajiona mwandishi kweli. Wala sikufikiria ni nani atakayeyachapa.

Jumapili akanitumia ujumbe wa sauti: "We Jelagat, nani alikuambia? Mimi niliambia mama yako peke yake, kwa jikoni, mlango imefungwa. Sasa naona uvimbe yangu kwa kitabu yako, mpaka upande ni ule ule wa kushoto! Alhamisi naingia thieta kupasuliwa huko Eldoret, na wewe ushanizika. Hiyo ya mazishi sitaitaipu. Malizia mwenyewe."

Tangu hapo hashiki simu.

Mama, nilikuwa sijui. Naapa. Yeye anaamini ulitoboa siri yake, nami nikaifanya hadithi. Wewe ndiye shahidi kwamba hukuniambia hata nusu neno. Nenda umwambie ugonjwa ule niliuokota kwenye vitabu vya watu. Na upande wa kushoto ni bahati mbaya tu. Matiti ni mawili.

Na nisikufiche, hata wewe nimekukasirikia kidogo. Juzi nilipomuulizia ulisema, "Jerotich yuko sawa." Ulifanya vyema, siri haikuwa yako, lakini imeniuma. Nimejaza madaftari sita ya marafiki wasiofichana kitu, wasiogombana hata mara moja, huku mwenzangu wa kweli anafunga mlango wa jikoni na kukuambia wewe. Pengine alijua nitakimbilia kalamu. Hilo linanitisha, kwa sababu siwezi kuapa kwamba nisingekimbilia.

Kurasa za mazishi nimezichana. Mahali pake sijaandika kitu, na siandiki kabla sijamsikia. Usiku nalala nusu nusu, simu mkononi.

Nisalimie Baba, na umwambie kwamba daktari hakutania kuhusu chumvi. Nisalimie Shangazi na ng'ombe wake mkorofi, na mke wa kaka, mpe pongezi za mtoto. Hao wote wasijue lililo humu.

Alhamisi usiende shambani, nakuomba. Uwe pale wakimtoa. Akifungua macho, kabla hata hujampa pole, mwambie tuna ugomvi ambao hatujaumaliza, na mimi siwezi kugombana peke yangu.

Ni mimi bintiyo,
Jelagat