Koti la Bomba

Kericho

Mpendwa Mama Awuor,

Natumai nyote mnaamka salama huko nyumbani, na kwamba kikohozi cha Awuor kimemwachia. Mimi ni mzima, nimeizoea hata baridi ya huku. Leo nina furaha na naandika mbio, kwa hivyo uuvumilie mwandiko.

Unajua kibarua changu hapa kiwandani kilitegemea jaribio la Injinia Rotich. Joto la boila lilikuwa likipotelea njiani, kabla bomba halijalifikisha ghorofani ambako majani ya chai hutandazwa yanyauke. Rotich alipasua kichuguu, akaona kimejaa vijumba vya hewa, akasema tulivike bomba koti la namna hiyo: udongo, nyasi na kinyesi cha ng'ombe, tena lenye mashimo mengi. Likifaulu, ningeandikwa kabisa na kupewa nyumba ya familia. Likishindwa, ningerudi kwako mikono mitupu.

Akaitwa Mama Chebet, fundi wa kupaka nyumba ambaye mtaa mzima humgombania. Asubuhi iliyofuata tulikuta bomba linang'aa kama nyumba inayosubiri bibi harusi, na joto linapotea vilevile. Nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi.

"Mama, mashimo iko wapi?" Rotich akauliza.

"Nimeziba. Watu wakipita waone ukuta iko na mashimo, si watasema ni mimi nilipaka?"

Rotich alicheka mpaka akakalia kuni. "Basi tutaficha ndani," akasema.

Tukabandua yote. Tukapanga magunzi makavu ya mahindi kutoka mashamba ya Kedowa katikati ya udongo, yawe ndiyo vijumba vyenyewe, na juu yake Mama Chebet akalainisha alivyopenda.

Mvua imenyesha wiki nzima na majani yamenyauka vizuri. Ukiligusa koti kwa nje unapata uvuguvugu tu. Jana meneja alipanda mwenyewe ghorofani, akafinya majani, kisha akashuka kunitafuta. Nilidhani nimekosa. Alinipa ufunguo.

Msalimie mama yangu, umwambie sijasahau dawa ya magoti yake. Msalimie na ndugu yako Odera, fundi baiskeli wetu, umwombe akusindikize mpaka stendi na mizigo.

Nyumba ni chumba kimoja na jiko la nje. Nimeshaifagia, lakini jana usiku nilipolala peke yangu humo niliiona kubwa mno. Mje.

Mumeo akupendaye,
Baba Awuor