Maneno ya Shangazi Ukumbini

Ghorofa ya Tatu,
Mkabala na Kituo cha Zimamoto.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Msumari,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo unaendeleaje? Mkeo amepona kifua? Sisi huku ni wazima. Mimi nipo, nywele zinapungua, kazi haipungui.

Mama yako naye ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu yake.

Wiki iliyopita gazeti lilinituma chuo kikuu, kwenye warsha ya watafiti kuhusu mtandao na jamii. Unazijua shughuli hizo: vitambulisho shingoni, chai ya vikombe vya karatasi, kiyoyozi kinachogandisha meno. Mhadhiri mmoja, mtu mpole, alieleza jinsi wafiwa wanavyoendelea kuwaandikia marehemu wao mtandaoni. Akaonyesha mifano ukutani. Majina yote yalikuwa yamefutwa.

Mfano wa tatu ulisema: “Mwanangu, Mzee Kikohozi amekwama tena. Bisibisi yako uliiweka wapi?”

Nani mwingine duniani anaiita cherehani yake Mzee Kikohozi? Chini yake palikuwa na mstari mwingine: “Mdogo wako hupiga simu kama mtu anayelipa faini.” Ukumbi ulicheka. Kisha wakasoma uliofuata. Huo sitaunakili hapa.

Tangu tumzike kaka yako, mama yako amekuwa akimwandikia kwenye ukurasa wa marehemu mtandaoni karibu kila jioni. Mimi nilikuwa sijui. Nadhani nawe hujui.

Nilimfuata mhadhiri kwenye korido.

“Lakini majina tumeyafuta, ndugu mwanahabari,” akasema.

“Chukua simu yako, uandike sentensi hiyo kama ilivyo, utafute.”

Akaandika. Ikatokea picha ya mama yako, kilemba cha bluu, na jina lake lote. Mhadhiri akavua miwani. Walilificha jina wakaacha sauti, na kwa sauti mtu hujulikana hata gizani. Ripoti ilikuwa iende kuchapwa Ijumaa. Akasema mwenye maneno akikataa, atayaondoa. Ilibidi aulizwe.

Nikaenda kwa mama yako jioni ile ile. Alikuwa anapinda suruali ya mteja.

“Karibu, mbea wa kulipwa,” akanipokea. “Leo umekuja kumchongea nani?”

Nikamweleza yote. Hakuinua macho.

“Walicheka?”

“Kwenye ile ya faini, ndiyo, shangazi.”

“Hiyo inachekesha.” Akakata uzi kwa meno. “Waambie wayaondoe. Nilikuwa naongea na mwanangu, sikuwa nahutubia.”

Nilimuuliza kama naweza kukuambia wewe. Akamaliza kwanza mguu wa pili wa suruali.

“Wageni wameyasoma,” akasema. “Yeye atashindwaje?”

Ijumaa nilipitia nakala ya mwisho kabla haijaenda kiwandani. Maneno yake hayamo. Mhadhiri alitimiza ahadi, na alikwenda kumwomba radhi mwenyewe. Nasikia alirudi na shati lililotiwa kifungo.

Lakini tangu jioni ile mama yako hajaandika tena. Nimeuangalia ukurasa kila siku. Alikuwa na mahali pa kusemea, na sasa anajua kuna watu nyuma ya mlango.

Sikulaumu. Najua zamu zako na najua simu ya masafa marefu inavyokula mshahara. Usome ukurasa wa kaka yako kuanzia mwanzo. Usimjibu pale. Mpigie, na akianza habari za cherehani, mwache amalize.

Baba anakusalimu, bado anabishana na redio na bado anashindwa. Wasalimie mkeo na mapacha. Mama yako hakunipa salamu za kukuletea. Nadhani amezishika ili akupe mwenyewe.

Mungu akutunze ugenini, na akupe nafasi ya kusikiliza.

Wako akupendaye,
Mtoto wa mjomba wako