Jivu la Shemeji Maganga

Itetemia, Tabora

Mama, shikamoo.

Bwana shamba ametangaza asubuhi hii kwamba udongo wenye sumu ya madini ya risasi umekwisha kuondolewa katika shamba la Mama Nyanzala, pale fundi mmoja alipokuwa akiyeyusha betri kuukuu za malori. Imebaki ardhi nyekundu, ngumu, isiyo na hata mchwa. Nyumba kumi nzima imeleta samadi kuirudishia uhai.

Shemeji yake Mama Nyanzala, Maganga, alifika wa mwisho na kikapu cha jivu. Huku jivu ni mbolea.

“Jivu la wapi hilo, shemeji?” Mama Nyanzala akamuuliza.

“La tanuri la yule fundi. Nilikuwekea, jivu zuri kabisa.”

Mama Nyanzala akamzibia njia. “Sumu imeondoka kwa trekta, wewe unairudisha kwa kichwa! Ndiyo maana dada yangu amekonda.”

Walicheka wote, lakini yeye hakumpisha mpaka bwana shamba alipolipeleka jivu, kikapu na vyote, kwenye shimo la udongo wa sumu.

Mchana Mama Nyanzala alitugawia matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kutoka kwa jirani. Vyake haviruhusiwi bado; marando, yale mashina ya viazi ya kupanda, anayatunza kisimani, anayamwagilia kila jioni. Msimu huu atapanda mimea ya marejea tu, yafukiwe mabichi yalishe udongo. Viazi vitangoja udongo upimwe tena.

Jua ni kali ila mimi mzima, na maji nachemsha ulivyoniagiza. Wabusu watoto. Jumatatu wanaanza kuinua matuta.

Mwanao, Idi