Gari Lililokata Nguvu Mlimani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichomtajia Mama kwenye simu kimekwisha. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ulimi haumsumbui hata kidogo; kila siku ananisuta kwamba nakula kama mgeni na kulala kama mwenye nyumba.

Najua utashangaa kuona nimeandika. Nimeshika simu mara nyingi nikairudisha mfukoni, maana mdomo ulikuwa mzito.

Ni habari za lile gari la Mama. Tangu ulipoacha funguo mezani ukaondoka, mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Juzi, tukipanda mlima wa hospitali, nilitoka kulipita lori la kokoto. Nikakanyaga mafuta, gari likakataa. Nikakanyaga hadi mwisho. Injini ikawa inanung'unika tu, taa ya njano ikawaka, na huku basi dogo linatujia usoni. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alifunga breki tukapata pa kujichomeka. Tulipofika juu, Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba hivyo hivyo ndivyo ulivyoeleza siku ile ulipogonga kingo za barabara. Nilikosa pa kuuficha uso wangu.

Unakumbuka tulivyokufanyia. Baba mdogo alisema wanawake wakishtuka husahau pedali. Mimi, fundi wa ukoo, nililiwasha gari gerejini, nikalingurumisha likiwa limesimama, likaitika vizuri. Mashine ya kupimia nayo haikuonyesha kitu cha maana. Nikatangaza mbele ya wote kwamba gari ni zima, kasoro ni ya dereva. Hukubishana. Uliacha kazi ya kuendesha gari la wauguzi, ukisema mtu asiyejua mguu wake uko wapi hafai kubeba watu. Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Safari hii sikuridhika na kulingurumisha tu. Magari ya siku hizi pedali ya mafuta haivuti waya wa chuma kama zamani. Inatuma ujumbe kwa umeme hadi kwenye kimlango kinachoingiza hewa kwenye injini. Nilimwomba fundi mwenzangu atie gia, akaze breki, kisha akanyage mafuta, nami nikachungulia kutoka ubavuni. Injini ikibebeshwa mzigo hujiinua kidogo. Ilipojiinua, waya wa kile kimlango ukavutika kwenye soketi yake, na nguvu ikakatika pale pale. Ulikuwa umefungwa kwenye bodi kwa kibano cha plastiki, umekazwa kama ngoma.

Dada, kibano kile nilikifunga mimi. Ulipoleta gari libadilishwe betri, niliona nyaya zinaning'inia, nikazipanga na kuzikaza. Unajua gerejini wananiita Maridadi, sivumilii waya unaocheza. Ule ulitakiwa ucheze. Hukuniomba niuguse, nilitaka tu boneti ikifunguliwa watu wasifie kazi yangu.

Nimekikata, nimebadilisha soketi, na gari linapanda mlima bila tabu. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeniona. Nimemwambia Baba mdogo, akajibu kwamba yaliyopita si ndwele. Nikamwambia ndwele hii unaiugua wewe, si yeye. Nimekwenda pia kwa msimamizi wa magari ya hospitali. Alisikitika, akasema hajapata dereva mwangalifu kama wewe, ila nafasi imeshachukuliwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na mizigo yake, na haonyeshi dalili ya kuondoka.

Mama hakunifokea. Aliuliza tu ilikuwaje nikaiamini mashine kabla ya kumwamini ndugu yangu.

Sikuombi urudi, wala unisamehe upesi. Nataka ujue tu kwamba siku ile mguu wako ulikuwa pale pale uliposema. Ulikuwa kwenye mafuta, ukikanyaga kwa nguvu zako zote, ukijaribu kujiokoa na kazi ya mikono yangu.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama unakula vizuri. Wasalimie wote ulio nao hapo.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekukosea.