Chumba ya Mama

Evode wangu wa Goma,

Huku Gisenyi tuko muzima, hata kuku za mama yako. Ile plan ya nyumba yetu tu ndiyo imenitesa kuichora kwenye ordinateur, kompyuta yetu. Uliandika: "Chumba kubwa ni ya mama." Bon, nikamupa mama yako chumba kubwa, sisi wawili nikatubania kwenye kachumba. Kila nikiweka kitanda yetu, programu inaitupa inje, karibu na choo. Nikaitukana sana.

Jana mama yako akachungulia, akacheka mupaka machozi. "Mutoto yangu, kule Goma mwanaume anaita muke wake 'mama'. Ni wewe!"

Nikabadilisha vyumba, kitanda ikaingia mara moja. Sasa wewe tu ndiye umebaki inje.

Mama (si yule, ni mi),
Niyigena